Kabla Hujampokea Mtoto wa Mbwa: Hesabu ya Chumba Kimoja

Mbwa jike wa ploti akizaa kule Gatina, Kawangware, au Laini Saba, Kibera, watoto wake huwa wameshaahidiwa watu kabla hawajaacha kunyonya. Jirani anakuambia, "Chukua mmoja, ni wa bure," na watoto wako wameshampa jina. Paka naye huja bila kuitwa: unamkuta mlangoni asubuhi, unampa kichwa cha samaki, kesho yake amerudi. Wengi wa wanaofuga Kibera na Kawangware walianza hivyo, na hesabu ikaja baadaye. Afadhali tuifanye mapema, kwa sababu ikikosewa anayeumia ni mnyama asiyeweza kusema, na wakati mwingine ni mtoto wa jirani.

Chakula ndicho kila mtu hukiwaza kwanza, ingawa si gharama pekee. Paka mzima hushiba kwa omena kidogo iliyochemshwa na kuchanganywa na ugali, au mabaki ya samaki. Tuseme unamtengea shilingi 20 kwa siku. Hizo ni 600 kwa mwezi na 7,300 kwa mwaka. Kwa mbwa wa kimo cha kati tuseme 50 kwa siku, hata kama mwenye bucha ni rafiki yako: 1,500 kwa mwezi, 18,250 kwa mwaka. Ziweke hizo 1,500 kando ya mshahara wa chini wa kibarua jijini Nairobi ulioanza Novemba 2024, takribani shilingi 16,114 kwa mwezi, uone kwamba mbwa huyo anakula karibu shilingi 9 katika kila 100. Na huo ni mshahara wa mwenye ajira. Anayeamkia vibarua vya Industrial Area au kufulia watu nguo Lavington hana uhakika wa hata nusu yake, ilhali mbwa anakula kila siku, kazi iwepo isiwepo.

Ongeza makaa au gesi. Mapafu, maini na matumbo ya bucha ni nafuu, lakini yasitolewe mabichi. Yanaweza kuwa na viini vya minyoo aina ya tegu, ambayo mbwa akishaipata huieneza kwa kinyesi mpaka ikamfikia mtoto anayecheza naye. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma matumbo. Wala ugali mtupu hautoshi. Mbwa wa ugali mtupu utamjua kwa mbavu zake.

Sasa tuje kwenye gharama isiyoonekana siku ya kupokea zawadi. Mtoto wa mbwa anahitaji dawa ya minyoo mara kadhaa, chanjo za magonjwa ya mbwa wachanga kama parvo, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo utaipata kwenye duka la agrovet, na chanjo ya kichaa kwa daktari binafsi kwa kawaida haifiki maelfu mengi ya shilingi. Kinachouma ni upasuaji wa kufunga kizazi. Kwa jike hugharimu maelfu kadhaa, na wengi huishia hapo. Wanasema watafanya mwaka ujao. Jike hupata joto kuanzia miezi sita hivi, hubeba mimba kwa takribani siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka ni mwepesi zaidi, kwani anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Ukiwa na jike asiyefungwa kizazi, baada ya mwaka unalisha mnyama mmoja na kutafutia wengine sita makao, na wewe ndiwe unayezunguka na katoni ukisema, "Ni wa bure."

Kuhusu kichaa cha mbwa sitapunguza maneno. Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu, uliowekewa miaka 2014 hadi 2030, uliweka makadirio ya vifo kufikia watu 2,000 kwa mwaka nchini. Dalili zikishajitokeza, mtu haponi. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mnakimbia hospitalini kwa sindano nne au tano ndani ya takribani mwezi mmoja. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi kila mara, siku za kazi zilizopotea, na uwezekano wa kuambiwa dawa imekwisha ukainunue nje. Ukilinganisha na chanjo moja ya mbwa kwa mwaka, hakuna mjadala. Asiyeweza kulipia chanjo hiyo hajawa tayari kufuga mbwa.

Baada ya pesa kuna nafasi. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kitanda, jiko, mitungi ya maji na watu watano kinamtosha paka, kwa kuwa paka huishi pia juu ya mabati. Mahali pake pa haja unaweka beseni lenye machujo ya mbao. Mafundi wa samani wa Ngong Road wanayo tele. Beseni hilo lisafishwe kila siku, na asilisafishe mama mjamzito, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mimba. Mbwa hawezi kuishi maisha hayo. Mbwa aliyefungwa kamba ya futi nne nje ya mlango, kwenye kichochoro ambako kila mtu anamruka akienda chooni, anageuka mkali au mgonjwa. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula na kumfunga vibaya kuwa makosa, na Kaunti ya Nairobi inataka mbwa awe na leseni.

Kwenye ploti huamui peke yako. Muulize keateka anayesimamia ploti, muulize mwenye nyumba, kisha waulize majirani mlango kwa mlango. Makina na sehemu nyingine zenye Waislamu wengi, wapo wasiotaka mate ya mbwa yaguse nguo za kuswalia, na hilo liheshimiwe kabla ya ugomvi kuanza. Paka hana shida hiyo, lakini ana adui mwingine, yaani sumu ya panya. Panya wamejaa, na si kero ndogo: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta viini vya leptospira katika panya walionaswa Kibera. Kwa hiyo watu wananunua sumu za wachuuzi, nyingine hazina hata lebo. Paka akila panya aliyelishwa sumu, naye anaweza kufa. Kama majirani hawako tayari kuacha sumu na kutumia mitego, paka wako ana hatari kila usiku.

Jiulize pia habari za Desemba. Mkienda ushago, nani atabaki akimlisha? Na mkihama? Julai 2018 nyumba zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabeba walichoweza kubeba. Paka anaishi miaka 12 hadi 15. Wapangaji wangapi hukaa chumba kimoja kwa muda huo?

Zipo njia tatu za kumpata mnyama. Wale watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara wakiitwa German Shepherd, waache. Bei ni kubwa, umri haujulikani, chanjo ni maneno ya muuzaji, na mbwa wa ukubwa huo hafai chumba chako. Wa jirani ni bure siku ya kwanza, halafu chanjo na upasuaji vyote ni juu yako. Njia ya tatu ni KSPCA, shirika la kutunza wanyama lenye makao yake Lang'ata Road upande wa Karen. Huko hutoa wanyama kwa ada, na utaulizwa maswali kuhusu nyumba yako. Wengine hukasirika kwamba maskini anahojiwa ili apewe paka. Mimi naona maswali hayo ni ya haki, na ada, ukizingatia kwamba mnyama hutolewa akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi, huwa nafuu kuliko kulipia hayo moja moja. Mwombe mnyama mzima, si mtoto, kwa sababu tabia yake inaonekana tayari. Akiugua baadaye, mkazi wa Kawangware hayuko mbali na kliniki ya kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete.

Uamuzi wangu ni huu. Anayeishi chumba kimoja na anaweza kutenga shilingi 20 kila siku bila kugusa karo wala kodi, achukue paka mmoja mzima aliyefungwa kizazi. Mbwa afugwe na ploti nzima, vyumba kumi vikichanga 150 kila kimoja kwa mwezi za chakula, na mtu mmoja akiwajibika kushika kadi ya chanjo. Anayefikiria mbwa wake peke yake asubiri mpaka awe na uwanja na akiba ya matibabu.

Na kama fedha hazitoshi kwa lolote kati ya haya, mbwa wa ploti yenu tayari yupo, analala langoni na hana kadi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na wakati huo huwa kuna kampeni za chanjo ya bure. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti au KSPCA itafanyika wapi karibu nanyi, tafuta kamba, umpeleke.