Ufa Usiotoa Moshi

Kwa mtu wa Pasua, kata ya mji wa Moshi, samaki wa moshi si kitu kigeni, kwani Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilishwa katikati ya miaka ya 1960 mahali maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana, liko kusini mwa Moshi kwa safari ya muda mfupi, na perege na kambale wake, ambao katika joto la tambarare huanza kuharibika baada ya saa chache, aghalabu hukaushwa kwa moto wa kuni kabla hawajafika sokoni. Ndiyo maana mwenye pipa tupu na nafasi ndogo uani hushawishika kujijengea tanuri lake mwenyewe: akakata mlango wa kuni chini, akapanga vichanja vya waya, akafunika kwa bati, kisha akastaajabu kuona kuni zikiteketea na ngozi ya samaki ikiungua, ilhali nyama ya mgongoni ingali mbichi. Hapo huanza kuziba kila mahali aonapo moshi ukitoka, akidhani kwamba hasara yote ni ile ionekanayo kwa macho. Lakini ilimu ya hewa na joto yatufundisha kwamba ufa wenye madhara makubwa zaidi ni ule usiotoa moshi hata chembe.

Sababu yake ni hii. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi: meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 ina uzito wa kilo 1.18 hivi usawa wa bahari, nayo ikifika nyuzi 80 hubaki karibu kilo 1 tu. Na ijapokuwa hewa ya Moshi, mji ulio mita 800 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani, tofauti hiyo ya sehemu 15 katika 100 haibadiliki. Basi hewa nzito ya nje hujipenyeza tanurini kwa chini na kuisukuma ile ya moto itokee juu, na katikati pana kimo ambapo kanieneo la ndani na la nje husawazika. Ufa ulio juu ya kimo hicho hutema moshi, na kila mtu huuona. Ulio chini yake hufyonza hewa kimyakimya, wala hauna dalili.

Na hewa hiyo ya wizi ndiyo iharibuyo kazi. Moshi mwema huzaliwa kuni zinapofukuta kwa hewa haba: lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, huvunjika na kutoa fenoli, ambazo humpa samaki harufu na ladha yake, huzuia mafuta yake yasichache, na kuwadhoofisha bakteria. Hewa ikizidi, moto huruka miali, na joto la kuni likipita nyuzi 400 huzidi kuzalika benzopaireni, sumu inayosababisha saratani, ambayo Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2014 hauruhusu izidi mikrogramu 2 katika kilo moja ya samaki wa moshi. Kuziba tanuri, kwa hiyo, si suala la kuokoa kuni peke yake. Ni suala la siha ya walaji.

Katika kutafuta kizibo, ardhi yenyewe imemkirimu mjenzi. Udongo wa kichuguu hunata vizuri, lakini ukitumiwa mtupu hujikunyata na kupasuka maji yanapoutoka. Sharti basi uchanganywe na mchanga, ambao haujikunyati, na pumba za mpunga, ambazo hazina uhaba kwa kuwa mashamba ya umwagiliaji ya Mabogini na Chekereni, yaliyotengenezwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, yako jirani. Pumba huzuia nyufa zisienee, na silika iliyojaa ndani yake haiungui. Kandiko hupakwa tabaka mbili, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka na kupasuka, ili ijaze mipasuko yake. Ifahamike, hata hivyo, kwamba udongo hauwi kigae mpaka upate joto linalozidi nyuzi 500, ambalo ukuta wa tanuri la samaki haulifikii. Hivyo kandiko husalia udongo, na mvua za masika huliyeyusha lisipoezekewa paa.

Mahali udongo usipofaa ni pale unapokutana na chuma. Pipa la lita 200 lina mzingo wa karibu mita 1.8, na joto lake likipanda kwa nyuzi 100 mzingo huo hurefuka kwa milimita 2 hivi, kiasi ambacho udongo mkavu hauwezi kukistahimili. Dawa yake ni majivu makavu yaliyochekechwa: mdomo wa tanuri huzungushiwa mfereji wa udongo wenye kina cha vidole viwili, ukajazwa majivu, na ukingo wa kifuniko ukazama humo; chuma kikitanuka majivu husogea, kikinywea hurudi. Wanawake wa Chorkor, kitongoji cha wavuvi mjini Accra, Ghana, ambao karibu na mwaka 1970 walishirikiana na wataalamu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuboresha matanuri yao, walipita njia nyingine: fremu za mbao za vichanja vyao zililingana barabara zikipangwa juu kwa juu, hata zikawa zenyewe ndizo ukuta na dohani.

Kazi ikiisha, ijaribiwe jioni isiyo na upepo, kabla ya samaki kuwekwa. Washa pumba zenye unyevu kidogo, ngoja ukuta upate moto, na nyufa za juu zitajifichua zenyewe. Kisha twaa kijiti cha udi kinachofuka, ukipitishe polepole mbele ya kila kiungo cha chini, kwenye pembe za mlango wa kuni na pale pipa linapokalia msingi: palipo pazima uzi wa moshi utapanda wima, na penye ufa utapinda ghafla na kumezwa ndani.

Mwisho, asije mtu akaziba kila kitu. Matundu mawili yapaswa kubaki: lango la hewa chini, lenye kigae cha kusogeza, na dohani juu. Dohani ikifungwa, moshi hutuama, mvuke wa samaki hugeuka maji, na lami chungu huganda juu ya nyama. Tena kuni zinyimwazo hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua, na kwa ajili hiyo tanuri la namna hii lisitumiwe kamwe ndani ya nyumba. Moto utawaliwe kwa lango la chini peke yake; na anayekusudia kujenga na aanze kwa kuyapanga matundu hayo mawili, ndipo aukande udongo wa kuziba yaliyosalia.