Siku Brazil Ilipokuwa ya 22

Haya vijana, leo tuanze na kioja. Juni 2013 FIFA ilitoa orodha ya viwango vya ubora wa timu za taifa, na Brazil ikaonekana nafasi ya 22. Ndiyo, Brazil hii hii yenye makombe matano ya dunia. Haikuwa imewahi kushuka hadi hapo tangu orodha hiyo ianze kutolewa mwaka 1992. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, timu hiyo ya 22 iliingia uwanja wa Maracanã kucheza fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Hispania, bingwa wa dunia, bingwa wa Ulaya na namba moja kwenye orodha. Dakika ya pili Fred akafunga. Kabla ya mapumziko Neymar akaongeza. Kipindi cha pili kuanza tu, Fred tena. Tatu bila.

Sasa niambieni: hapo aliyekosea nani, Brazil au orodha?

Orodha, bila shaka, na kosa lake linaelezeka. Wakati ule FIFA walikuwa wanachukua matokeo ya kila mechi na kuyazidisha kwa uzito wake: mechi ya kirafiki mara 1, ya kufuzu Kombe la Dunia mara 2.5, ya Kombe la Dunia lenyewe mara 4. Halafu wanatafuta wastani. Brazil ilikuwa mwenyeji wa fainali za 2014, na mwenyeji hahangaiki kufuzu. Kwa hiyo wakati Argentina na Colombia wanavuna alama za mechi za kufuzu, Brazil iliokoteza zile za kirafiki. Hata ikishinda, inashuka.

Penye hesabu kama hiyo hapakosi mjanja. Chini ya wastani wa namna ile, mechi ya kirafiki mara nyingi ni hasara hata ukishinda, kwa sababu inaingia na uzito mdogo na kuuvuta wastani chini. Dawa yake? Usicheze. Poland wakapunguza mechi za kirafiki hadi zikawa za kuhesabika, na Oktoba 2017 wakasoma nafasi ya 6 duniani. Droo ya Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi ikawaweka chungu cha kwanza pamoja na Ujerumani na Brazil, huku Hispania na Uingereza zikisukumwa chungu cha pili. Basi Poland walipofika uwanjani, Senegal wakawafunga 2-1, Colombia wakawatandika 3-0, na Poland ikarudi nyumbani ikiwa ya mwisho kwenye kundi.

Mwaka huo huo wa 2018 FIFA wakaitupa hesabu yao ya zamani, na dawa wakaenda kuiazima kwenye sataranji.

Mwenye dawa aliitwa Arpad Elo. Alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akahamia Marekani na wazazi wake angali mtoto, akaja kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Sataranji aliicheza vizuri hasa, kiasi cha kutwaa ubingwa wa jimbo mara nane. Chama cha sataranji cha Marekani kilikuwa na mfumo wa kupanga wachezaji ambao haukuwaridhisha wengi, kikamwomba Elo autengeneze upya. Mfumo wake ukaanza kutumika huko mwaka 1960, na mwaka 1970 shirikisho la dunia, FIDE, nalo likauchukua.

Elo hakuanza kwa kujiuliza nani bora kuliko nani. Mtu wa fizikia alianzia kwenye kipimo: unapimaje kitu usichokiona? Ubora wa mchezaji hauonekani, kinachoonekana ni matokeo tu, na matokeo yanayumba. Leo umelala vizuri unamfunga bingwa, kesho una mafua unafungwa na mdogo wako. Mwenyewe alikuwa akisema kumpima mchezaji ni sawa na kupima mahali kilipo kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, tena kwa rula iliyofungwa kwenye kamba inayopeperushwa na upepo. Aliyekubali hivyo hawezi kukuambia kwamba namba yake ni ukweli mtupu. Anaweza kukuambia anachotarajia, halafu asubiri mechi imsahihishe.

Hapo ndipo penye utamu wote, kwa hiyo tukae kidogo. Chukueni kalamu.

Asha ana alama 1,400. Baraka ana 1,200. Tofauti ni 200. Kanuni ya Elo inasema: gawanya tofauti kwa 400, unapata 0.5. Pandisha 10 kwa kipeo hicho, unapata karibu 3.16. Maana yake Asha ana nafasi 3.16 kwa kila nafasi 1 ya Baraka. Ukigawa vizuri, Asha anatarajiwa kupata 0.76 ya alama ya mchezo, Baraka 0.24. Wakicheza mara 100, na sare tukiihesabu nusu, tunategemea Asha aondoke na alama kama 76.

Sasa wanacheza mara moja tu. Tukubaliane kwamba mchezo mmoja unaweza kuhamisha alama zisizozidi 20. Asha akishinda, amepata 1 wakati tulitarajia 0.76, ziada ni 0.24, mara 20, karibu alama 5. Basi, amefanya lililotegemewa, apewe chai. Lakini Baraka akishinda, amepata 1 wakati tulimtarajia 0.24 tu. Ziada ni 0.76, mara 20, anaondoka na alama 15. Na wakitoka sare? Baraka anapata alama 5 na Asha anapoteza 5, ijapokuwa hakufungwa.

Nasikia mtu wa nyuma ananung'unika: sare, halafu ninyang'anywe? Ndiyo. Mfumo hauulizi kama umeshinda, unauliza kama umefanya zaidi au pungufu ya ulivyotarajiwa. Na kila alama anayopata Baraka imetoka mfukoni kwa Asha.

FIFA walichukua kanuni hiyo hiyo, wakaibadilisha kidogo. Badala ya 400 wanagawa kwa 600. Uzito wa mechi nao haufanani: mechi ya kirafiki iliyo kwenye kalenda ni 10, ya kufuzu 25, ya makundi ya AFCON 35, na kuanzia robo fainali ya Kombe la Dunia ni 60. Tuseme timu yenye alama 1,200 inakutana na yenye 1,700 kwenye makundi ya AFCON. Matarajio ya mnyonge ni kama 0.13. Ikifungwa inapoteza alama 4 na nusu tu. Ikitoka sare inapata 13. Ikishinda inazoa 30. Ndiyo maana mtaona timu ndogo ikitoka suluhu na kigogo inasherehekea kama imeshinda kombe, na hesabu inawaunga mkono.

Mnaokumbuka usiku wa Cairo kwenye makundi ya AFCON, 27 Juni 2019, Tanzania ilitangulia mara mbili na mwisho wa mchezo ikawa Kenya 3, Tanzania 2. Kile Harambee Stars walichopata kwenye orodha usiku ule ndicho Taifa Stars walichopoteza, hadi desimali. Ila FIFA wana huruma moja: kuanzia hatua ya mtoano katika fainali za mashindano makubwa, anayefungwa hapotezi kitu. Mimi siipendi kanuni hiyo, kwa sababu alama zinazaliwa bila mtu kuzilipia. Lakini ujanja wa kukwepa mechi za kirafiki haulipi tena kama zamani, kwa kuwa hakuna wastani wa kuulinda.

Msidhani basi kwamba hesabu ya Elo haichezewi. Miaka ya 1990 katika gereza moja la jimbo la Virginia kulikuwa na mfungwa aitwaye Claude Bloodgood, mpenzi mkubwa wa sataranji. Hawezi kutoka, kwa hiyo wapinzani wake ni wafungwa wenzake, naye anawafunga mchana na usiku. Alama zikamjia tone kwa tone, na wafungwa wapya wakawa wanaleta nyingine. Mwaka 1996 alikuwa na alama 2,702, wa pili Marekani nzima, akiwapita mabingwa waliozunguka dunia. Mwenyewe alikana kudanganya, na huenda hakudanganya. Namba yake ilisema kweli juu ya watu wa gereza lile. Nje ya ukuta haikuwa na maana, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubeba alama kutoka ndani kwenda nje.

Upande wetu tatizo hilo linakuja kinyumenyume. Kijana wa Kampala au Nairobi anayecheza na wenzake walewale, bila mashindano ya kimataifa ya kutosha, namba yake inabaki nyuma ya uwezo wake. Akifika kwenye mashindano ya nje anaonekana mnyonge kwenye karatasi, na wapinzani wanashtuka mezani.

Turudi kwenye 0.24 ya Baraka, maana kuna watu wazima waliosoma sana ambao namba kama hiyo iliwashinda. Uchaguzi wa Marekani wa 2016: Nate Silver, aliyejulikana kwanza kwa kutabiri wachezaji wa besiboli, alijumlisha kura za maoni na modeli yake ikampa Donald Trump asilimia 29. Trump akashinda, na watu wakapiga kelele kwamba modeli imefeli. Imefeli vipi? Asilimia 29 ni zaidi ya nafasi ya Baraka, na Baraka hushinda. Wa kuulizwa walikuwa waliosema asilimia 99 ni za Hillary Clinton. Mmoja wao, Sam Wang wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa ameahidi kula mdudu iwapo Trump angepata kura zaidi ya 240 za wajumbe. Akatimiza ahadi, akala nyenje mbele ya kamera za CNN. Wahaya wa Bukoba wakila senene wao wangeshangaa hiyo ni adhabu ya namna gani.

Kosa la wale wa 99 lilikuwa moja hasa, nalo mlishike. Walichukulia kwamba kura za maoni zikikosea Michigan, hilo halihusiani sana na Wisconsin wala Pennsylvania, kwa hiyo makosa yatafutana. Hayakufutana. Majimbo yote matatu yalikosewa kuelekea upande mmoja, na Trump akayachukua kwa tofauti ya kura zisizofika 80,000 kwa jumla. Mabenki yalikuwa yameshaangukia shimo hilo hilo mwaka 2008. Mikopo ya nyumba ilifungwa mafungu mafungu, na wakadiriaji wakayapa mafungu hayo daraja la juu kabisa, kwa hesabu kwamba wakopaji wa Florida na wa California hawawezi kushindwa kulipa kwa pamoja. Bei za nyumba zikaanguka kila mahali, na Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikafa.

Na viwango mnavyotoa wenyewe, zile nyota mnazompa dereva wa teksi ya simu? Hizo sizitumainii sana. Karibu kila mtu anatoa tano, na hakuna anayeuliza dereva alibeba abiria wa namna gani wala alipita kwenye foleni gani. Elo angeuliza kwanza: ulicheza na nani?

Basi kazi kwenu. Chagueni mchezo wa shuleni, bao, drafti au sataranji yenyewe. Fungueni daftari, kila mmoja aanze na alama 1,000, na mchezo mmoja uhamishe alama zisizozidi 20. Hamhitaji vipeo. Tofauti ikiwa 0, kila mmoja anatarajiwa 0.50. Ikiwa 100, mwenye nyingi anatarajiwa 0.64, ikiwa 200, 0.76, 300, 0.85, 400, 0.91. Wageni wa darasa jingine wakaribisheni, tena mara kwa mara, msije mkawa gereza la Virginia. Mwisho wa muhula rudini nyuma mkague: wale waliotarajiwa 0.76, walizoa kweli robo tatu ya alama? Kama sivyo, ibadilisheni 20 iwe 30 na mjaribu tena muhula unaofuata.