Je, Wajua? Kuku Hawashwi na Pilipili

Kuku akidonoa pilipili kichaa uani, hashtuki. Kapsaisini, kemikali inayotuwasha sisi, haiamshi mishipa ya fahamu ya ndege. Ndiyo maana mche huchipua kando ya ua bila kupandwa na mtu: ndege kala, kaangusha mbegu pamoja na mbolea yake. Na mbegu zenyewe si kali, ijapokuwa husingiziwa kila siku. Ukali umejaa kwenye utando mweupe unaozishikilia. Ukwangue kabla ya kukatia kachumbari, wageni watakushukuru. Ulimi ukishawaka, maji hayasaidii kitu, kwani kapsaisini haiyeyuki humo. Kunywa mtindi. Vidole vilivyoshika pilipili visugue kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kabla hujagusa jicho.