Daftari la Ndugu

Juzi, kwenye kituo cha kukusanyia majani chai hapa Roret, Bureti, mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli niliwahi kuingia kwa Frimasoni. "Ndiyo, mzee," nikamjibu, "niliingia maktabani mwao." Akatikisa kichwa. Simlaumu. Mwaka 1994 nchi hii iliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na hadi leo jina la chama hicho cha Frimasoni likitajwa watu hushusha sauti.

Maktaba hiyo na makumbusho yake vimo ndani ya Freemasons' Hall, mtaa wa Great Queen Street, London. Jengo hilo lilijengwa kati ya 1927 na 1933 kuwakumbuka wanachama waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutazama ni bure. Mgeni huvutwa kwanza na kiti cha enzi cha mwaka 1791, kikubwa ajabu, kilichotengenezewa Mwanamfalme wa Wales aliyekuja kuwa Mfalme George IV. Kisha huona aproni za ngozi ya kondoo, zinazokumbusha waashi wa mawe ambao chama kiliazima kwao alama zake.

Mimi ni mtunza nyaraka, kwa hiyo nilikaa zaidi kwenye madaftari ya wanachama. Mstari mmoja hubeba tarehe ya kuingizwa, jina, umri, makazi na kazi ya mtu. Muuza mvinyo yuko juu, ofisa wa jeshi anafuata, chini yao seremala. Zimo pia loji, yaani matawi ya chama, za makoloni, kwa hiyo anayemtafuta mlowezi fulani anaweza kuanzia hapo. Tena serikali yenyewe ililazimisha uandishi: sheria ya 1799, iliyozaliwa na hofu ya mapinduzi ya Ufaransa, ilizitaka loji zipeleke kila mwaka orodha za wanachama kwa karani wa kaunti, na haikufutwa hadi 1967. Siri ya chama ni sherehe zake. Majina ya wanachama yameandikwa kwa wino.

Kwetu Wakipsigis udugu wa namna hii ni ibinda, yaani rika, kama vile Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Majina huzunguka, yakarudi baada ya miaka kama mia hivi. Ya menjo, kibanda wanakofundishwa vijana, hayasimuliwi ovyo, na ndivyo inavyofaa. Lakini nani aliingia na nani si siri hata kidogo. Kinyume chake, hakuna anayepaswa kukosea: mwanamume haoi binti wa mwanarika mwenzake, kwa kuwa huyo ni kama bintiye. J. G. Peristiany aliandika juu ya haya katika kitabu chake cha 1939, na Ian Orchardson, aliyeishi Kericho, naye aliacha kitabu kilichochapishwa 1961. Wote wawili walieleza mfumo. Majina ya watu wa Roret mmoja mmoja yamebaki vichwani mwa wazee, na kila matanga huondoka na ukurasa.

Nakuomba basi, msomaji wa Bureti: nunua daftari la shule, chora safu tano kama zile za London, ukae na babu yako jioni moja. Muulize majina ya wenzake. Ya menjo mwachie mwenyewe.