Video ya Jirani kwa Jirani: Kutoka Ruiru Hadi Mto Chania (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliona jinsi video ya rika kwa rika inavyokatwa vipande, kila mtazamaji akipokea kwa wenzake na kuwagawia alivyokwisha kupata. Je, mfumo huo unamfaa mtu wa Thika, karibu na maporomoko ya Chania, anayetazama mechi moja na mwenzake wa Ruiru?

Hesabu yake ni ya chama: kinachochukuliwa lazima kiwe kimechangwa. Video ya megabiti 2 kwa sekunde huhitaji kila mtazamaji, kwa wastani, apakie megabiti 2 vilevile. Upungufu huzibwa na seva; isipouziba, picha hukwama. Mwenye faiba nyumbani hatatishika. Mwenye simu ataumia, kwa kuwa saa moja ya video hiyo ni takriban megabaiti 900, na akigawa kiasi hichohicho bando lake litapungua kwa gigabaiti 1.8. Tena kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Simu mbili zikishindwa kufikiana, seva ya katikati hubeba video yote, na gharama iliyokuwa ikikimbiwa inarudi palepale.

Lakini umbali ndio unaonigusa zaidi. Kabla ya kituo cha KIXP cha Nairobi, ambako kampuni za intaneti hubadilishana data papo hapo nchini, data kati ya kampuni mbili za Kenya ilipanda setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu, ikazunguka ng'ambo ndipo irudi. KIXP ilianza mwishoni mwa 2000, ikafungwa upesi baada ya Telkom Kenya kudai haki yake ya ukiritimba, ikafunguliwa tena Februari 2002. Leo kipande cha Ruiru kinaweza kufika Thika kupitia Nairobi kwa milisekunde chache. Hata hivyo, programu inayochagua wenza ovyo itakileta kutoka Frankfurt ilhali jirani anacho. Huo ni uzembe wa wabunifu, wala si kosa la nyaya zetu.

Ningetaka programu itafute wa karibu kwanza, na isipakie chochote kwa bando la mtu bila idhini yake. Hata wakubwa waliwahi kuujaribu mfumo wa rika kwa rika: BBC iPlayer ilianza nao 2007, ikauacha mwishoni mwa 2008; Spotify nayo ikauacha 2014, seva zilipotosha kuhudumia wasikilizaji.

Juma lijalo: matangazo ya moja kwa moja, ambako goli la jirani husikika kabla ya lako.