Rangi za Oktoba Ukutani Kwenu

Karibu kila nyumba ina ile nguo isiyovaliwa wala kugawiwa. Kwetu ilikuwa doti ya khanga ya marehemu mama mkwe wangu: nyekundu, manjano na kahawia. Mume wangu hakutaka iguswe, mimi sikutaka iliwe na nondo. Basi sehemu yake imegeuka kwilti ndogo yenye mandhari ya Vermont, Marekani, tulikoishi mwaka mmoja.

Kwilti ni nini?
Ni tabaka tatu zilizoshonwa pamoja: kitambaa cha juu, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Wengi huitumia kujifunika, lakini ya sanaa ni ya kutundika. Na si mambo ya juzi. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alisimulia hadithi kwa vitambaa. Kazi zake mbili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Washington na Boston.

Siri ya rangi
Kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, milima ya Vermont huwaka rangi. Siku zinapofupika, ukijani wa jani huvunjika, ndipo manjano iliyokuwemo muda wote inaonekana. Wekundu wa miti ya maple hutengenezwa wakati huohuo, kutokana na sukari iliyomo kwenye jani. Kwa hiyo mti mmoja usiupe rangi moja. Changanya!

Kubalianeni kwanza
“Ukikata, imekatika,” mume wangu aliniambia, na ni kweli. Tulizungumza wiki mbili kabla ya kushika mkasi. Tukaafikiana: doti ina khanga mbili, moja ikatwe, nyingine ibaki nzima na maneno yake. Kama mwenzako hajaridhika, omba mabaki ya vitambaa kwa fundi. Pambo la ukutani halistahili machozi ya mtu.

Hatua kwa hatua
1. Fua vitambaa vyote, hasa vyekundu, maana huchuja. Kausha, piga pasi.
2. Kata kitambaa cha msingi, sm 34 kwa 44. Kazi ikikamilika itabaki 30 kwa 40.
3. Anza na anga, iishie theluthi ya juu. Milima ya mbali iwe ya rangi zilizofifia, bluu na kijivu. Ya karibu iwe na rangi kali. Kila mlima ulalie ule wa nyuma yake kwa sm 1.
4. Katakata khanga iwe chembechembe, kama zile za kurushia maharusi. Hizo ndizo majani. Nyunyiza, funika kwa wavu mwembamba wa shela, bana kwa pini. Msanii wa Japani, Noriko Endo, anajulikana kwa mbinu hii. Hapa pasi weka mbali: wavu wa nailoni huyeyuka.
5. Weka pamba na kitambaa cha chini, kisha shona tabaka zote kwa mistari ya mawimbi inayofuata milima. Punguza kingo, zungushia utepe.

Kukata majani mpe mwenzako. Wangu alitumia jioni nne, na katika hizo jioni nne nilisikia habari za mama yake ambazo miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuzisikia.

Itundike mbali na jua la dirishani, lisije likala rangi. Wikendi hii zimeni simu, tafuteni mkasi, mjaribu.