MAANA YA NENO "SACCOS"

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kulisikia neno SACCOS vijijini mwao. Mtu husema, "Nakwenda SACCOS kukopa," kana kwamba ni duka la fedha lenye mwenyewe. Basi tumeona yafaa kulieleza, kwa kuwa asiyejua maana yake huweza kupoteza haki yake.

SACCOS ni herufi zilizochukuliwa katika jina refu la Kiingereza, ambalo maana yake ni Chama cha Ushirika cha Akiba na Mikopo. S ya kwanza ni akiba, A ni "na", C ni mkopo, CO ni ushirika, na S ya mwisho ni chama. Tazameni mpango wake: akiba hutangulia, mkopo hufuata. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo, maana fedha akopeshwazo mwanachama hutoka hasa katika akiba za wenziwe. Asipolipa, hamdhulumu tajiri wa mbali, bali jirani yake.

Kenya na Uganda watu husema SACCO. Tena huko Kenya abiria huliita hivyo hata kundi la matatu za njia moja, kwa kuwa wenye magari wengi wamejiunga katika vyama vya namna hiyo. Tanzania liko pia neno AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, kama vile korosho, kahawa, pamba na tumbaku. Ushirika wenyewe ni wa zamani: sheria yake ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933.

Kufupisha neno si kosa. Ila ile CO imejificha katikati, na watu huisahau. Chama cha ushirika si mali ya mwenyekiti wala ya karani. Ni mali ya wanachama, na kila mmoja ana kura moja tu, awe na hisa nyingi au chache. Kwa hiyo yampasa kuhudhuria mkutano mkuu, kusikiliza hesabu zikisomwa, kuuliza asipofahamu, na kulinganisha kitabu chake na daftari la chama. Asiyefanya hivyo, fedha zikipotea, hupata habari wakati umekwisha pita.

Twawaomba walimu waliandike neno hili ubaoni, herufi kwa herufi, na wazee wa vijiji walieleze mikutanoni. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.